Programu ya uhasibu inapofikia ukomo: Namna ya kuitoa jonali ikiwa kamili

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulizaliwa zama za kalamu na karatasi, lakini uzito wake haujapungua hata leo, ambapo daftari la biashara nyingi za mijini limo ndani ya kompyuta iliyowekwa kwenye meza ya mhasibu.

Daftari hilo jipya lina udhaifu mmoja mkubwa. Daftari la karatasi husomwa na yeyote ajuaye kusoma, lakini lile lililomo ndani ya kompyuta husomwa na programu iliyoliandika tu. Siku programu hiyo itakapokataa kufunguka, kumbukumbu za biashara za miaka kumi zinaweza kuwapo mezani na bado zisisomeke na mtu yeyote.

Makala haya yanaeleza namna mfanyabiashara au mhasibu anavyoweza kuzitoa kumbukumbu hizo, yaani maingizo ya jonali, kutoka katika programu ya uhasibu ya kompyuta ya mezani, na namna ya kuhakikisha kwamba alichokitoa ni kumbukumbu kamili na si nusu yake.

Kwa nini sasa

Kwa miaka mingi ofisi ndogo na za kati za Afrika Mashariki zimetumia programu za uhasibu zinazowekwa ndani ya kompyuta yenyewe. Miongoni mwa zinazojulikana zaidi ni QuickBooks ya kampuni ya Intuit ya Marekani, Tally kutoka India, na Pastel iliyoanzia Afrika Kusini.

Programu za aina hiyo zilinunuliwa mara moja, zikawekwa kwenye mashine na kutumika hata mahali pasipo na intaneti. Utaratibu huo umekuwa ukibadilika, kwani watengenezaji wanazidi kuwaelekeza wateja wao kwenye programu za mtandaoni zinazolipiwa kila mwezi au kila mwaka.

Mfano ulio wazi ni ule wa Intuit. Mei 31, 2024 kampuni hiyo ilisitisha huduma kwa toleo la mwaka 2021 la QuickBooks ya mezani. Baada ya Septemba 30 mwaka huo huo, iliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani usajili wa matoleo ya Pro Plus na Premier Plus. Wateja wa zamani waliruhusiwa kuendelea kulipia, na toleo kubwa la Enterprise likabaki sokoni.

Ifahamike kwamba kusitishwa kwa huduma si sawa na kuzimwa kwa programu. Aliyenunua toleo la zamani aliweza kuendelea kulifungua, lakini bila marekebisho ya usalama wala msaada wa kiufundi. Hali ni tofauti kwa matoleo ya usajili, ambayo humtaka mteja aendelee kulipa ili aendelee kulitumia faili lake kama kawaida.

Aidha, zipo sababu za nyumbani ambazo hazihitaji uamuzi wa kampuni ya ng'ambo. Diski ya kompyuta huharibika. Mhasibu huacha kazi na kuondoka na nywila. Kompyuta mpya hununuliwa na leseni ya zamani ikakataa kuhamia humo. Katika hali zote hizo, aliyetoa jonali yake mapema hana cha kuhofu.

Sheria nazo haziangalii programu gani imekufa. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Nchini Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 nayo inataja miaka mitano. Ofisa wa TRA au wa KRA anapobisha hodi na kuomba kumbukumbu za miaka mitatu iliyopita, jibu kwamba programu haifunguki halimwondolei mlipakodi wajibu huo.

Jonali ni nini

Neno jonali lina asili moja na neno la Kiitalia "giornale", linalotokana na neno lenye maana ya siku. Mwaka 1494, mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha mjini Venice kitabu ambacho ndani yake alieleza namna wafanyabiashara wa mji huo walivyotunza hesabu zao kwa vitabu vitatu: daftari la kumbukumbu za papo kwa papo, jonali, na leja.

Kanuni aliyoieleza Pacioli ndiyo inayotumiwa na kila programu ya uhasibu hadi leo. Kila muamala huandikwa pande mbili, debiti na krediti, na jumla ya pande hizo ni lazima ilingane.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lililouza bidhaa kwa mkopo, ankara ikiwa na thamani ya Sh 1,180,000, na ndani yake mkiwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya Sh 180,000.

Ingizo lake la jonali lina mistari mitatu. Hesabu ya wadaiwa hudebitiwa Sh 1,180,000. Hesabu ya mauzo hukreditiwa Sh 1,000,000. Hesabu ya VAT inayodaiwa na serikali hukreditiwa Sh 180,000. Mistari hiyo mitatu ni ingizo moja, na mstari mmoja ukipotea ingizo zima hupoteza maana.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa kuhusu neno lenyewe. Ndani ya programu za kompyuta, jonali ina maana mbili. Maana ya kwanza ni yale maingizo machache ambayo mhasibu huyaandika kwa mkono wake, kama vile uchakavu wa mitambo au marekebisho ya mwisho wa mwaka. Maana ya pili ni miamala yote ya biashara, pamoja na ankara, stakabadhi, malipo na mishahara, ikioneshwa katika sura ya debiti na krediti.

Anayetaka kuokoa kumbukumbu za biashara anahitaji ile maana ya pili. Akitoa maingizo ya mkono peke yake atakuwa na faili dogo, safi, lenye kulingana pande zote mbili, lakini lisilo na uuzaji hata mmoja.

Nakala hifadhi pekee haitoshi

Mfanyabiashara akiulizwa kama ametunza kumbukumbu zake, mara nyingi hujibu kwamba kila Ijumaa mhasibu huweka nakala kwenye diski ndogo ya kuchomeka. Jibu hilo ni jema, lakini halitoshi.

Nakala hifadhi ni picha ya faili zima katika lugha ya programu ile ile. Nakala ya QuickBooks, yenye mwisho wa jina .QBB, hurejeshwa na QuickBooks. Folda ya data ya Tally, ambayo jina lake huwa ni namba, husomwa na Tally. Programu ikikosekana, nakala hiyo ni sawa na sanduku lililofungwa huku ufunguo umepotea.

Kutoa jonali ni jambo jingine. Ni kuiagiza programu iandike miamala yake katika faili la kawaida ambalo programu nyingine yoyote inaweza kulisoma. Faili hilo huwa ama la lahajedwali, kama vile Excel, ama la maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, ambalo hufahamika kwa jina la CSV.

Mfanyabiashara mwangalifu huweka vyote viwili. Nakala hifadhi humsaidia kuirudisha programu kama ilivyokuwa, na jonali iliyotolewa humsaidia pale ambapo programu yenyewe haipo tena.

Hatua katika QuickBooks

Watumiaji wengi wa QuickBooks ya mezani huanzia mahali pasipo sahihi. Wao hufungua menyu ya faili, wakakuta sehemu ya kutoa orodha katika faili la aina ya IIF, na kudhani kwamba wamefika. Sehemu hiyo hutoa orodha tu, kama vile ya hesabu, wateja na wauzaji. Miamala haitoki kwa njia hiyo.

Njia sahihi ni kupitia ripoti. Katika menyu ya Reports, chini ya Accountant & Taxes, ipo ripoti iitwayo Journal. Ripoti hiyo ndiyo inayoonesha kila muamala pamoja na debiti na krediti zake.

Jambo la kwanza la kubadilisha ni tarehe. Ripoti hufunguka ikionesha kipindi kifupi tu, na asiyeangalia hutoa mwezi mmoja akidhani ametoa miaka yote. Kwenye kisanduku cha tarehe chagua All, ama weka mwanzo na mwisho wa mwaka husika wa hesabu.

Jambo la pili ni safu. Kupitia kitufe cha Customize Report hakikisha kwamba namba ya muamala, aina yake, tarehe, namba ya hati, jina la mteja au muuzaji, maelezo, jina la hesabu, debiti na krediti vyote vimechaguliwa. Kwa biashara zinazouza kwa dola na kwa shilingi, ongeza safu ya sarafu na ya kiwango cha kubadilishia fedha kama zimo.

Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Excel, uchague kuunda karatasi mpya, au uchague faili la CSV. Matoleo ya zamani yana kitufe cha Export mahali hapo.

Liko tahadhari moja kwa mafaili ya miaka mingi. Iwapo faili liliwahi kupunguzwa ukubwa kwa kutumia zana ya programu yenyewe, miamala ya zamani inaweza kuwa imefutwa na nafasi yake kuchukuliwa na maingizo ya jumla. Undani wa miaka hiyo utafutwe katika nakala iliyohifadhiwa kabla ya upunguzaji.

Hatua katika Tally

Katika Tally, ripoti inayohitajika ni Day Book, yaani kitabu cha siku. Ipo pia ripoti ya Journal Register, lakini hiyo huonesha vocha za aina ya jonali peke yake, kwa hiyo haitoshelezi haja ya kuokoa kumbukumbu zote.

Day Book hufunguka ikionesha siku moja. Ili kupanua kipindi hubonyezwa Alt na F2, kisha tarehe ya mwanzo na ya mwisho huandikwa.

Baada ya hapo ni lazima ripoti ibadilishwe kutoka muhtasari kwenda kwenye maelezo kamili. Katika muhtasari, kila vocha huoneshwa kwa mstari mmoja wenye jina la hesabu moja tu. Anayetoa muhtasari hujikuta na orodha ya upande mmoja isiyoeleza fedha zilitoka wapi na zilikwenda wapi.

Hatua ya mwisho ni Alt na E, inayofungua sehemu ya kutoa data. Humo mtumiaji huchagua aina ya faili. Excel hufaa kwa kusoma na kukagua. XML hufaa zaidi pale data zinapohamishiwa Tally nyingine au zinapokabidhiwa mtaalamu wa kompyuta, kwa kuwa huibeba vocha pamoja na mistari yake yote.

Anayelisoma faili la XML la Tally asishituke akikuta kiasi cha debiti kimeandikwa kwa alama ya kutoa. Huo ndio utaratibu wa programu hiyo, na programu inayopokea data inapaswa kuelezwa hivyo kabla ya kuanza kazi.

Kwa watumiaji wa programu nyingine kanuni haibadiliki. Tafuta ripoti inayoonesha miamala yote, pande zote mbili, kwa kipindi chote, kisha utafute kitufe cha kuitoa katika lahajedwali au CSV.

Mitego ndani ya lahajedwali

Faili likishatoka, kazi haijamalizika. Makosa mengi hutokea baada ya hapo, na hutokea kimya kimya pasipo onyo lolote kwenye skrini.

Mtego wa kwanza unahusu namba ya muamala. Katika jonali iliyotoka QuickBooks, namba, aina na tarehe huandikwa kwenye mstari wa kwanza wa kila ingizo tu. Mistari inayofuata huachwa wazi katika safu hizo.

Kwa macho ya binadamu hilo halina shida. Lakini mtu akiipanga karatasi hiyo kwa jina la hesabu au kwa kiasi, mistari hutawanyika, na hakuna awezaye tena kujua ni debiti gani iliyokwenda na krediti gani. Ule mfano wetu wa ankara ya Sh 1,180,000 ungegawanyika vipande vitatu visivyofahamiana.

Dawa yake ni kuzijaza nafasi hizo kabla ya kupanga chochote. Katika Excel, chagua safu za namba, aina na tarehe, bonyeza F5, chagua Special, kisha Blanks. Andika alama ya sawasawa, bonyeza mshale wa juu, halafu bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Kila nafasi itachukua thamani iliyo juu yake. Baada ya hapo nakili safu hizo na kuzibandika kama thamani, ili zisibadilike mistari itakapohamishwa. Mistari ya jumla ndogo iliyomo kati ya maingizo iondolewe.

Mtego wa pili ni tarehe. Tarehe iliyoandikwa 03/04/2024 ni Aprili 3 kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, lakini ni Machi 4 kwa kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani. Siku kuanzia ya 13 hujitambulisha, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Zile za 1 hadi 12 hugeuka bila kulalamika, na mauzo ya robo moja ya mwaka yakaangukia robo nyingine. Ni salama zaidi kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku.

Mtego wa tatu ni sifuri za mbele na namba ndefu. Hesabu yenye namba 0150 hubaki 150 ikifunguliwa kama tarakimu. Vilevile, Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba moja, na zinazozidi hapo hugeuzwa kuwa sifuri. Namba za akaunti za benki na za hati zisomwe kama maandishi, si kama tarakimu.

Mtego wa nne ni mkato. Katika faili la CSV, mkato ndio ukuta kati ya safu moja na nyingine. Mhasibu aliyeandika maelezo "saruji, mifuko 200" ameweka mkato ndani ya maelezo. Ikiwa maelezo hayo hayakufungwa kwa alama za kunukuu, nusu yake itasukumwa kwenye safu inayofuata, na kiasi cha fedha kikahamia mahali pasipo pake. Vivyo hivyo kwa mikato ya ndani ya 1,180,000.

Mtego wa tano ni idadi ya mistari. Faili la Excel la mtindo wa zamani, lenye mwisho wa .xls, hubeba mistari 65,536 tu kwa karatasi moja. Mtindo wa .xlsx ulioletwa na Excel ya mwaka 2007 hubeba mistari 1,048,576.

Mtu anaweza kudhani kwamba 65,536 ni nyingi. Duka linalotoa ankara 100 kwa siku, kila moja ikiwa na mistari mitatu, huandika mistari 300 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi hiyo ni mistari 90,000. Mwaka mmoja tu umekwishavuka kikomo.

Madhara ya kikomo hicho yalionekana nchini Uingereza mwaka 2020. Mapema Oktoba mwaka huo, taasisi ya Public Health England ilitangaza kwamba watu 15,841 waliokutwa na virusi vya corona hawakuwa wamehesabiwa katika takwimu za kila siku za Septemba 25 hadi Oktoba 2. Majibu yaliyotoka maabara yalikuwa yakihamishiwa kwenye mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, na faili lilipojaa mistari iliyozidi iliachwa nje. Ufuatiliaji wa watu waliokaribiana na wagonjwa hao ulichelewa.

Ikiwa taasisi ya taifa kubwa iliweza kunaswa hivyo, duka la mtaani halina sababu ya kujiamini kupita kiasi. Njia rahisi ni kutoa mwaka mmoja kwa faili moja, au hata mwezi mmoja kwa faili moja kwa biashara yenye miamala mingi.

Namna ya kuthibitisha

Kipimo cha kwanza kinachomjia kila mhasibu ni kujumlisha debiti zote na krediti zote kuona kama zinalingana. Kipimo hicho ni cha lazima, lakini peke yake hakithibitishi kwamba jonali imekamilika.

Sababu yake ni nyepesi. Ingizo zima likipotea, debiti yake na krediti yake hupotea kwa pamoja. Jumla za pande mbili zitaendelea kulingana kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwezi mzima ukikosekana, faili bado litalingana.

Kwa hiyo kipimo cha pili ni kulinganisha jumla ya faili na jumla inayooneshwa na ripoti ndani ya programu yenyewe. Tofauti ya hata shilingi moja ichunguzwe.

Kipimo cha tatu ndicho chenye nguvu kuliko vyote, nacho ni urari, yaani orodha ya masalio ya hesabu zote kwa tarehe fulani. Toa urari kutoka katika programu kwa siku ya mwisho ya kipindi. Kisha, ndani ya lahajedwali, jumlisha debiti na krediti za kila hesabu katika jonali uliyoitoa, ukianzia siku ya kwanza kabisa ya faili au ukiongeza masalio ya mwanzo.

Hapo ikumbukwe kwamba programu nyingi hazitoi ingizo la jonali zinapofunga mwaka. Hesabu za mapato na matumizi huanza upya kwa sifuri, na faida huingia katika faida iliyolimbikizwa bila ya mstari wowote kuandikwa. Anayejumlisha miaka kadhaa kwa pamoja atakuta tofauti katika hesabu hizo, na tofauti hiyo haina maana kwamba data zimepotea. Ndiyo sababu ni vyema kulinganisha mwaka mmoja mmoja.

Kipimo cha nne ni cha mikono. Chukua hati kumi za karatasi kutoka kabatini bila kuchagua, ankara na stakabadhi za miezi tofauti, uzitafute katika faili. Angalia tarehe, jina, kiasi na hesabu. Hati ikikosekana, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Kuingiza katika programu mpya

Wapo watakaotoa jonali kwa ajili ya kuitunza tu. Wengine watataka kuiingiza katika programu mpya, na hao wana maamuzi ya kufanya.

Uamuzi wa kwanza ni kiasi cha historia kinachohitajika. Si lazima kuhamisha kila muamala wa miaka kumi. Biashara nyingi huweza kuanza na masalio ya siku moja iliyochaguliwa, hasa mwanzo wa mwaka wa hesabu, huku jonali ya miaka ya nyuma ikitunzwa pembeni kama kumbukumbu ya kusomwa.

Uamuzi wa pili ni mpangilio. Orodha ya hesabu iingizwe kwanza, ifuatiwe na wateja na wauzaji, na mwisho ndiyo maingizo. Programu mpya haiwezi kupokea ingizo la hesabu isiyoifahamu.

Jambo la tatu ni kukwepa kurudia. Jonali kamili tayari imebeba kila ankara na kila malipo. Mtu akiingiza jonali hiyo na kisha akaingiza ankara zile zile kwa njia nyingine, mauzo yataandikwa mara mbili, na VAT itaonekana kudaiwa mara mbili.

Jambo la nne ni madeni. Jonali husema wadaiwa kwa jumla wanadaiwa kiasi gani, lakini haioneshi waziwazi ni ankara ipi ya mteja yupi ambayo haijalipwa. Kwa sababu hiyo orodha ya ankara zisizolipwa, ya wadaiwa na ya wadai, itolewe pembeni siku hiyo hiyo. Anayesahau orodha hiyo atajua kwamba anadai, lakini atashindwa kujua amwandikie nani barua.

Ni busara kujaribu kwanza kwa mwezi mmoja, katika kampuni ya majaribio ndani ya programu mpya, na kulinganisha urari kabla ya kuingiza mengine yote.

Kutunza kilichotolewa

Faili la jonali linaposomwa na kila programu, linasomwa pia na kila mtu. Ndani yake mna mishahara ya wafanyakazi, majina ya wateja na bei za manunuzi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na zote zinamwajibisha anayetunza taarifa za watu.

Faili hilo lifungwe kwa nywila inayofahamika na watu wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa mwenye mali. Liwekwe mahali pawili tofauti, ili moto au mwizi wa ofisi moja asiondoke na yote. Lisitumwe katika kundi la simu ambamo hata mjumbe wa ofisi amo.

Pamoja na faili, ni vyema kuchapisha urari wa mwisho wa kila mwaka na kuusaini, mhasibu na mwenye mali. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayomwonesha mkaguzi wa hesabu wa siku zijazo kwamba faili alilo nalo halikuguswa baada ya kutolewa.

Kwa biashara ambayo programu yake bado inafunguka, kazi yote hii haihitaji gharama mpya. Inahitaji mchana mmoja wa mhasibu kwa miaka iliyopita, na muda mfupi kila mwisho wa mwezi kwa siku zijazo. Mwenye mali anayesoma makala haya anaweza kuanza kwa kumuuliza mhasibu wake swali moja: jonali ya mwaka jana ipo wapi, na je, inaweza kufunguliwa katika kompyuta isiyo na programu yetu?